Maji Hayana Hatimiliki: Dhidi ya Etimolojia ya Kufanana katika Uhakiki Wetu

1. Utangulizi

Imekuwa ada katika semina zetu, na sasa katika kurasa za majarida yetu, kwamba mhakiki anayetaka kuipa hoja yake uzito wa kihistoria hushika neno moja la lugha ya jamii anayoichunguza, akalinganisha na neno la lugha ya mbali linalosikika vivyo hivyo, kisha akatangaza kwamba ameuona mwanzo wa jamii nzima pamoja na fasihi yake. Neno lipendwalo kuliko yote kwa kazi hiyo ni maji.

Mwandishi wa makala haya amepata kuhudhuria semina moja ambamo msomaji, akizichambua ngano zilizokusanywa Homa Bay na Migori, alishikilia kwamba maji ni mā' la Kiarabu. Kwamba mā' nalo ni mw la Misri ya kale. Na kwamba kwa sababu hiyo Wakuria na Wasuba, ambao simulizi zao huitaja Misri, walitoka ukingoni mwa Nile wakiwa na neno hilo vinywani mwao. Ama Waluo, kwa kuwa wao husema pi, walihesabiwa kuwa wapita njia wasio na sehemu katika urithi huo. Ukumbi ulipiga makofi. Swali halikuulizwa hata moja.

Makala haya ni swali lile ambalo halikuulizwa. Tutatetea mambo matatu. Kwanza, kufanana kwa maneno si ushahidi wa nasaba yake. Pili, hata nasaba ya neno ikithibitishwa, hiyo si nasaba ya watu wala ya hadithi wanazosimulia. Tatu, kosa hili si la kitaaluma tu: lina gharama, na wanaoilipa ni wasimulizi wa mwisho wa lugha ya Kisuba.

2. Funzo kutoka kwa Waslavi

Huenda msomaji akashangaa kwamba tunaanzia mbali. Tunafanya hivyo makusudi. Neno la maji katika lugha za Kislavi limechunguzwa kwa kina, na hakuna kati yetu mwenye ugomvi wa shamba na Mrusi au Mpolandi. Tutaweza, basi, kuitazama mbinu yenyewe bila hamaki.

Mrusi, Mcheki na Mserbia husema voda. Mpolandi huandika woda. Wanaisimu huliunganisha neno hilo na water la Kiingereza, Wasser la Kijerumani na hydor la Kiyunani, na wote huyarudisha maneno haya kwenye lugha mame ya Kihindi-Kiulaya. Je, waliyaunganisha kwa sababu yanafanana? La. Voda na hydor hayafanani kwa sikio la mtu wa kawaida, wala hydor na Wasser. Yameunganishwa kwa sababu tofauti zake zina utaratibu: penye d katika Kislavi, Kiingereza huwa na t na Kijerumani huwa na s, na utaratibu huo hujirudia katika maneno mengine kadha wa kadha.

Mwaka 1915 Bedřich Hrozný, mtaalamu wa Kicheki, alikuwa akihangaika na mabamba ya udongo ya Wahiti yaliyofukuliwa Boğazköy, nchini Uturuki. Maandishi yaliweza kusomwa kwa sauti, lakini lugha haikuwa ikijulikana. Katika sentensi moja iliyokuwa na alama ya mkate alikuta neno watar. Mtu ambaye tangu utotoni alisema voda hakukosa kushtuka. Lau angekuwa mhakiki wa semina yetu, angesimama hapo na kutangaza kwamba Wahiti walikuwa Wacheki. Hrozný hakusimama. Alitafuta viishio vya vitenzi, akatafuta mnyambuliko wa nomino, mpaka sarufi nzima ikakubaliana na dhana yake.

Kilichowaridhisha wanaisimu zaidi ni kasoro moja ndogo. Neno hilo la Kihiti huwa na r katika umbo lake la msingi, watar, lakini hugeuka kuwa na n katika maumbo mengine. Kasoro hiyohiyo imegawanyika katika lugha za Kijerumani: Kiingereza kimebaki na r katika water, ilhali Kigothi cha kale kilikuwa na n katika wato, ambalo umiliki wake ni watins. Sauti mbili zinaweza kukutana kwa bahati. Ni vigumu mno kwa lugha mbili zisizo na udugu kukutana katika kasoro moja ya kisarufi.

Tukumbuke pia kwamba Mrumi wa kale, ambaye lugha yake ni ya jamaa hiyohiyo, alisema aqua. Udugu wa lugha hauzilazimishi kutunza neno moja, wala neno lisilofanana halivunji udugu.

3. Maji si mā'

Sasa turudi nyumbani. Dai kwamba maji ni neno la Kiarabu linaanguka kwa hoja ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapaswa kuijua: silabi ma- katika neno hilo si sehemu ya shina. Ni kiambishi cha ngeli, kilekile tukionacho katika mafuta, maziwa, mate na machozi. Kama ma- ya maji imetoka kwa Waarabu, basi na machozi yetu tuliazima kwao, jambo ambalo hata msomaji wa semina ile hakulidai.

Ushahidi si wa Kiswahili peke yake. Mganda husema amazzi. Lakini akitaka kutaja maji kidogo, matone tu, husema otuzzi. Mnyarwanda vivyo hivyo ana amazi na utuzi. Kiambishi cha ngeli kimebadilishwa, na kilichobaki ni shina. Anayelinganisha mā' na maji analinganisha neno zima la Kiarabu na kiambishi cha Kibantu. Shina lenyewe, -ji, hana la kulifanyia.

Isitoshe, shina hilo limeenea pasipofikika kwa jahazi la mfanyabiashara yeyote wa Bahari ya Hindi. Mgusii husema amache, Mkuria amanche, Mbukusu kamechi, Mchewa madzi, Mzulu amanzi. Tofauti hizi nazo zina utaratibu. Penye j ya Kiswahili katika maji, Kichewa kina dz; na ukitazama jina, jino na jua utapata dzina, dzino na dzuwa. Pale linapotokea neno lisilofuata mkondo huo, mwanaisimu hulazimika kueleza ni kwa nini. Hivi ndivyo walivyofanya kazi tangu Carl Meinhof mwaka 1899 hadi Malcolm Guthrie, na hivi ndivyo Derek Nurse na Thomas Hinnebusch walivyofanya mwaka 1993 katika utafiti wao juu ya Kiswahili na lugha zake ndugu za pwani.

Ieleweke kwamba hatudharau nia ya wale wanaoitafuta Misri. Cheikh Anta Diop, alipolinganisha Kiwolofu na Kimisri na kuitetea hoja yake mbele ya wataalamu mjini Kairo mwaka 1974, alikuwa akijibu dharau ya karne nzima, na alijitahidi kuorodhesha ulinganifu wa sauti na sarufi. Mtu anaweza kumpinga Diop, na wengi wamempinga, lakini atampinga kwa kuupima ulinganifu alioutoa. Wafuasi wake wa semina zetu wamerithi hitimisho bila kuirithi kazi. Wanachotupa ni neno moja na makofi.

Ama kuhusu simulizi za Misri, zipo kweli, na wanahistoria wamezitaja, akiwemo William Ochieng' katika kitabu chake cha 1974 juu ya Wagusii. Lakini mhakiki wa fasihi simulizi, kuliko mtu mwingine yeyote, angepaswa kulitazama jina lenyewe. Wamisri wa kale waliiita nchi yao Kemet. Misri ni jina lililotufikia kwa Kiarabu na Kiswahili, na lililosomwa kila Jumapili katika Biblia ya Kiswahili. Watu waliohama kutoka Kemet kabla ya Uislamu na Ukristo wangewezaje kulibeba jina hilo? Simulizi hiyo ina maana kubwa: hutuonyesha jinsi jamii zilivyojitafutia nafasi ya heshima katika historia ya ulimwengu baada ya kukutana na dini za kitabu. Hiyo ni maana ya kifasihi, na ndiyo iliyopaswa kuchambuliwa. Tumeiacha tukakimbilia kuifanya simulizi hati ya safari.

4. Pi na kisa cha soko

Upande wa pili wa dai lile ni kwamba pi la Dholuo ni neno la mgeni. Hapa kuna kichekesho ambacho ukumbi haukukiona. Neno hilo lina ndugu katika pii la Waacholi wa Uganda, pi la Washiluki na piu la Wadinka, ambao hadi leo huishi kando ya Nile Nyeupe na vijito vyake. Wanaisimu huliona shina hilohilo katika peek la Kikalenjin, lugha ya tawi jingine la Kiniloti. Ikiwa kuna neno la maji Migori na Homa Bay ambalo ndugu zake wamepangana kandokando ya Mto Nile, ni lile alilolitupa msomaji wetu, si lile alilolikumbatia. Hata hivyo, hatusemi kwamba hilo linawapa Waluo haki yoyote juu ya Misri. Tunasema tu kwamba mbinu ya msomaji haikuweza kuona hata kile kilichokuwa mbele yake.

Mbinu ya kufanana haina breki. Mluo huita chemchemi au kisima soko. Kwa Kiswahili soko ni mahali pa kuuzia na kununulia, na neno hilo huhusishwa na sūq la Kiarabu. Mtu akitaka, ataandika insha nzuri sana kuthibitisha kwamba masoko ya Nyanza yalianzia visimani, penye wanawake na mitungi, na kwamba Kiswahili kiliazima neno hilo kwa Waluo. Insha hiyo ingevutia. Ingekuwa pia ya uongo tangu neno la kwanza hadi la mwisho, kwa kuwa kufanana huko ni bahati tupu.

Kadhalika, kutofanana hakuthibitishi ugeni. Mmaasai, ambaye lugha yake ni ya Kiniloti, huyaita maji enkare, na jina la Nairobi limetokana na usemi wake wa maji baridi. Mshona, ambaye ni Mbantu asiye na shaka, huyaita maji mvura, neno ambalo ndugu yake kwetu ni mvua. Nani atathubutu kumwambia Mshona kwamba si Mbantu kwa sababu hunywa mvua?

5. Simbi Nyaima na mji wa Kitezh

Itasemwa kwamba haya ni ya wanaisimu, na kwamba mhakiki wa fasihi anaruhusiwa uhuru wake. Hoja hiyo tunaikataa, kwa sababu kosa linalofanywa katika neno ndilo linalofanywa katika hadithi.

Karibu na Kendu Bay, katika Kaunti ya Homa Bay, kuna ziwa dogo la magadi, Simbi Nyaima. Wenyeji husimulia kwamba palikuwa na kijiji hapo. Mwanamke mzee alifika penye karamu akiomba hifadhi, akafukuzwa. Mmoja tu ndiye aliyemwonea huruma na kuonywa aondoke. Usiku mvua ilinyesha, na kijiji kikazama na watu wake. Grace Ogot aliipa hadithi hii maisha mapya alipoiandika kwa Dholuo mwaka 1983. Tumesikia mara nyingi ikielezwa kuwa ni Sodoma iliyosafiri, kana kwamba watu walioishi ukingoni mwa ziwa kubwa na kuyaona mafuriko yake kizazi baada ya kizazi wasingeweza kutunga hadithi ya mafuriko bila kuazima.

Tuwatazame tena Waslavi. Warusi wana hadithi ya mji wa Kitezh, uliozama katika Ziwa Svetloyar jeshi la Batu Khan lilipoukaribia. Husemekana kengele zake bado husikika chini ya maji. Rimsky-Korsakov aliifanya opera iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1907. Mji umezama, ziwa limebaki, watu wako chini: kwa mbinu ya kufanana, Simbi na Kitezh ni hadithi moja, na tuanze kutafuta Mrusi aliyefika Kendu Bay. Lakini yatazame maji yenyewe. Kitezh imezamishwa ili iokolewe; maji ni pazia linalowaficha wema wasifikiwe na adui. Simbi imezamishwa ili iadhibiwe; maji ni hukumu juu ya watu waliomnyima mgeni mahali pa kukaa. Katika hadithi ya kwanza anayekuja kutoka nje ni hatari. Katika ya pili anayekuja kutoka nje ndiye mtihani wa utu. Tofauti hii ndiyo maana yake. Mhakiki anayeishia kwenye kufanana amesimama kabla kazi yake haijaanza.

Na kwa nchi yenye historia ya uhamaji kama Nyanza Kusini ya zamani, hadithi inayomhukumu mwenyeji kwa namna alivyompokea mgeni si jambo dogo. Ni ajabu kwamba hadithi hiyo hiyo hutumiwa katika semina kugawa nani mwenyeji na nani mgeni.

6. Waliobadili neno bila kuhama

Tufike penye uzito wa jambo. Wasuba wa Mfangano, Rusinga, Gwassi na Kaksingri husimulia kwamba wengi wa wahenga wao walivuka ziwa kutoka pande za Buganda na Busoga. Henry Ayot aliikusanya historia hiyo katika kitabu chake cha 1979. Lugha yao ni ya Kibantu, na neno lao la maji ni la shina lile la amazzi na amanche. Lakini leo wengi wa wajukuu wao husema pi. Hawakuhama. Wanakunywa maji ya ziwa lilelile waliokunywa babu zao. Lililobadilika ni neno.

Sababu zinajulikana, na hakuna muujiza ndani yake. Kulikuwa na ndoa na ujirani wa muda mrefu na Waluo. Kisha likaja kanisa na kitabu. Wamisionari wa Kisabato walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906 wakiongozwa na Arthur Carscallen, na Dholuo ikawa lugha ya mahubiri, ya uchapaji na ya darasa. Mtoto wa Kisuba alijifunza kusoma kwa lugha ya jirani, na akaitwa Mluo katika daftari la shule. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo waliieleza hali hiyo mwaka 1992 katika utafiti wao juu ya Wasuba walivyohama kutoka lugha moja kwenda nyingine.

Nini basi kinatokea kwa hoja ya neno na asili? Mzee aliyezaliwa Mfangano, ambaye bibi yake alimwimbia kwa Kisuba naye anawaimbia wajukuu kwa Dholuo, ni wa maji yapi? Kwa mbinu ya semina ile, amebadili asili kati ya kifungua kinywa na chakula cha jioni. Upande wa Migori mambo si tofauti. Boma la mawe la Thimlich Ohinga, lililoorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, lina jina la Dholuo. Lakini kuta zake, zilizojengwa yapata karne ya 16, zilikaliwa kwa zamu na watu wa asili mbalimbali. Mto unaoitwa Gucha kwa Wagusii huitwa Kuja ukishafika kwa Waluo. Jina hubadilika katikati ya safari, na hakuna tone linalosimama mpakani.

Gharama tuliyoitaja mwanzoni ni hii. Mhakiki aliyekwisha kuamua kwamba lugha ni damu hukusanya ngano Mbita au Gwassi kwa Dholuo, huziandika kuwa fasihi ya Kiluo, na kufunga daftari. Hamwulizi msimulizi kama bibi yake aliisimulia kwa lugha nyingine, kama kuna wimbo ndani ya ngano ambao maneno yake hayaeleweki tena kwa wasikilizaji. Mwenzake wa upande wa pili, mwenye Misri kichwani, humpuuza msimulizi huyohuyo kwa kuwa amekwisha kusema pi. Hivyo pande mbili zinazogombana zinashirikiana katika tendo moja: kuacha fasihi ya Kisuba izikwe na wazee wake. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 7, inaiagiza Serikali ikuze na kulinda wingi wa lugha za wananchi. Si haki kuidai Serikali jambo ambalo sisi wenyewe, wenye vinasasauti na fedha za utafiti, hatulitendi.

7. Hitimisho

Hatupendekezi kwamba wahakiki waache kutazama maneno. Tunapendekeza wayatazame kwa adabu. Idara haina budi kuifanya isimu historia kuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa uzamili anayekusudia kuandika juu ya asili ya jamii au ya hadithi. Wahariri, wa jarida hili wakiwemo, wakatae kuchapisha etimolojia yoyote isiyoonyesha ulinganifu wa sauti katika maneno zaidi ya moja na isiyotenganisha shina na kiambishi. Na mtafiti aendaye Homa Bay au Migori amwulize kila msimulizi, kabla ya kufungua kinasasauti, ni lugha zipi zilizosemwa nyumbani kwa bibi yake, kisha aandike jibu hilo juu ya ukurasa wa kwanza.

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Neno moja lililookotwa katika kamusi limekuwa bahari yetu kwa muda mrefu, na tumekuwa tukiogelea ndani yake kwa fahari. Wakati huo huo, ng'ambo ya Mbita, wapo wazee ambao bado wanalijua neno la Kisuba la maji na nyimbo zinazoliimba. Semina ijayo ya idara ingefaa ianze na kanda walizorekodiwa wao.